Kufuli au Zamu? Historia Fupi ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alieleza kwa maandishi jinsi ya kuizuia michakato miwili ya kompyuta isiguse data ile ile kwa wakati mmoja. Chombo chake alikiita kwa lugha yake jina la nguzo ya ishara za reli.

Msafiri wa reli iliyofika Arusha mwaka 1929 hahitaji maelezo marefu. Njia ni moja. Magarimoshi mawili yakikutana, ni maafa. Katika reli za namna hiyo huko Uingereza, tangu karne ya 19, dereva alikabidhiwa kijiti kimoja tu kwa kila kipande cha njia. Kijiti hicho kikichongewa nakala, madereva wawili wataingia njiani, kila mmoja akiwa na haki mkononi.

Kanuni hiyo ilihamia katika kompyuta. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1995 kilieleza kwamba chombo chenyewe tu ndicho kitumike. Matokeo ya kutumia nakala yake hayana dhamana. Lugha ya C++ ya mwaka 2011 ilikataza kabisa kukinakili. Java, tangu mwaka 2004, iliweka kanuni ya kuhifadhi: kufuli lililoandikwa katika faili, likisomwa tena, huwa wazi, hata kama liliandikwa likiwa limeshikwa. Sababu ni dhahiri: uzi ulioshika haupo tena, wala foleni ya waliongoja.

Sasa tuitazame istilahi. Wengi husema "kufuli". Neno hili ni zuri, lakini lina upotofu: fundi wa mtaani, Kimandolu kama kwingineko, huchonga ufunguo wa pili, nao hufungua sawasawa. Mwanafunzi hana budi kudhani kwamba nakala ina nguvu ya asili.

Juu ya Kimandolu, katika miteremko ya Mlima Meru, wakulima hugawana maji ya mifereji kwa zamu. Zamu haina nakala. Ina mwenyewe na wanaoingoja. Ikiandikwa daftarini, yabaki kumbukumbu tu. Karatasi haimfungulii mtu maji.

Kwa hiyo yapendekezwa "kidhibiti zamu", pamoja na vitenzi "kushika zamu" na "kuachia zamu". Istilahi hiyo yabeba kanuni ndani yake, na mwandishi wa programu ataonywa na lugha yake kabla data haijaharibika.