Kuwinda shambani kwa mtu Marekani: Leseni haitoshi, piga hodi kwanza

Mtu anaweza kuwa na leseni ya kuwinda, bunduki halali na kizibao cha rangi ya chungwa, na bado akashtakiwa. Kosa lake ni moja tu: aliingia shamba la mtu bila ruhusa.

Hapo ndipo wageni wengi wanapochanganya mambo. Marekani, wanyamapori ni mali ya umma na kila jimbo linasimamia wa kwake. Ardhi wanamotembea ni jambo lingine. Leseni ya jimbo inamruhusu mwindaji kumpata kulungu, ila haimfungulii geti la shamba. Kule Texas, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, kwa hiyo bila ruhusa ya mwenye shamba mtu anabaki na sehemu chache sana.

Kabla ya kwenda kuomba

Jambo la kwanza ni karatasi. Majimbo yanadai mafunzo ya usalama wa uwindaji. Texas, kwa mfano, inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971 awe na mafunzo hayo.

La pili ni silaha. Sheria ya nchi nzima inamkataza asiye na kibali cha kuishi Marekani kushika bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda naye amekatazwa kwa kawaida, isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu hafungwi na katazo hilo. Kwenye suala hili hakuna kubahatisha, maana kosa linaweza kumgharimu mtu makazi yake.

La tatu ni kujua shamba ni la nani. Kumbukumbu za ardhi za kaunti zinaonyesha jina la mmiliki, na zipo programu za simu zinazoonyesha mipaka. Alama nazo zinasema. Texas na Missouri, mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo una maana ileile ya bango la "usiingie".

Nani wa kumtambulisha

Huko hakuna balozi wa nyumba kumi wa kumpeleka mgeni kwa mwenyeji. Badala yake kuna mfanyakazi mwenzake, muumini wa kanisa lake au muuza chakula cha mifugo. Iowa, ambako Wakongomani wengi wamepata kazi kwenye viwanda vya nyama, si ajabu mtu kufanya kazi bega kwa bega na mtoto wa mkulima bila kujua. Neno moja la mtu anayefahamika linafungua mlango kuliko barua tano.

Namna ya kuomba

Wakati mzuri ni miezi kadhaa kabla ya msimu, siyo usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Msimu wa kupanda na wa kuvuna mkulima hana nafasi, na akisumbuliwa akiwa juu ya trekta jibu huwa fupi.

Anayeomba huenda mchana, akiwa peke yake au na mtu mmoja, amevaa nguo za kawaida na hana silaha. Gari linaachwa mahali linapoonekana. Akishabisha mlango, anarudi nyuma hatua chache na kusubiri, mikono ikionekana. Kama kuna bango la kukataza kuingia, asisogee mlangoni. Bora atume barua au aombe mtu amtambulishe.

Salamu ndefu za nyumbani hazihitajiki, lakini kukurupuka nako hakufai. Inatosha kusema jina, anapoishi, kazi anayofanya, na anachoomba hasa: mnyama gani, siku zipi, kwa bunduki au kwa upinde.

Ombi dogo hukubalika kwa urahisi. Kulungu hula mahindi na soya, kwa hiyo mkulima anayekerwa nao anaweza kumkaribisha anayetaka majike, huku dume lenye pembe kubwa akimwekea mwanawe. Wengine huanza kwa kuomba sungura tu, wakishazoeana ndipo wanaomba kulungu.

Akikubali, yaandikwe

Ohio, sheria inataka ruhusa ya maandishi, na mwindaji anatakiwa kuwa nayo anapowinda. Hata jimbo lisilodai hivyo, karatasi iliyosainiwa inamwokoa mtu siku ambayo jirani amempigia askari simu.

Hapohapo yaulizwe mambo manne: gari likae wapi, ng'ombe wako upande gani, mipaka inaishia wapi, na nani mwingine anawinda humo. Geti linaachwa kama lilivyokutwa. Gari halipiti kwenye shamba lililolowa.

Wengi hupoteza ruhusa kwa sababu ya ukarimu wa kwao. Mtu anapewa ruhusa yeye, wiki inayofuata anakuja na shemeji na rafiki wawili. Ruhusa ni ya aliyeiomba tu. Na mnyama aliyejeruhiwa akivuka uzio, jirani aulizwe kabla ya kumfuata.

Akikataa

Mwenye shamba hadaiwi sababu. Huenda wajukuu wake wanawinda humo, au ameshakodisha. Anashukuriwa, anaachiwa namba ya simu, na kuondoka kwa heshima. Mwaka unaofuata mambo yanaweza kubadilika.

Wakati huo zipo njia nyingine. Kansas ina mpango ulioanza 1995 ambapo jimbo linawalipa wenye ardhi, na mwindaji mwenye leseni anaingia maeneo hayo bila kuomba nyumba kwa nyumba. Majimbo mengine nayo yana mipango ya namna hiyo, pamoja na ardhi za umma.

Baada ya msimu

Aliyepewa ruhusa hurudi kushukuru, hata kama hakupata kitu. Mkono mtupu si lazima: kipande cha nyama kilichosafishwa vizuri kinapokelewa, na siku moja ya kusaidia kurekebisha uzio inakumbukwa zaidi. Nyama yenyewe ni ya kula na kugawana, kwani kuuza nyama ya kulungu wa porini aliyewindwa kwa kawaida ni kosa.

Ruhusa ya mwaka huu pia haivuki yenyewe kwenda mwaka ujao. Kila msimu, hodi hupigwa upya.