UZI: Tope la Malindi lilianzia shambani kwa mtu

1/ Mvua ikinyesha bara, bahari yetu Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Halafu mjadala ni ule ule: "Wakulima wa juu wameharibu ardhi, wabanwe na sheria." Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, mpaka nikasoma historia.

2/ Sabaki ndio ule ule Athi wa Ukambani. Katikati unaitwa Galana. Tope tunaloliona ni tabaka la juu la shamba la mtu, lenye rutuba. Likishaondoka, udongo uliobaki haushiki maji, na mahindi yanakauka hata mwaka ambao mvua si mbaya.

3/ Lilianza lini? Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti wa tumbawe la hapa Malindi, lenye kumbukumbu ya karibu miaka 300. Alama za udongo zinapanda mwanzoni mwa karne ya 20, yaani enzi ya walowezi. Wakamba walipoteza malisho, wakabanwa kwenye maeneo waliyotengewa, hadi vilima vikachoka.

4/ Mkoloni akajibu kwa amri. 1938 akachukua ng'ombe wa watu Machakos kwa nguvu, ati wamezidi. Watu wakafunga safari hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa. Kiongozi wao akahamishiwa Lamu, huku kwetu Pwani. Lakini amri ikaachwa.

5/ Kilichosaidia baadaye ni fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na polepole shamba linakuwa ngazi. Wakulima walijichimbia wenyewe, vikundi vya mwethya vikisaidiana, kwa sababu kahawa, matunda na mboga zilikuwa na soko. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado thamani ya mavuno kwa kila mtu ikapanda.

6/ Sisemi tatizo limeisha. Simama daraja la Sabaki msimu wa masika uone. Ila mjomba wangu ni mvuvi, na hana kura kule juu. Mkulima wa kule naye hapati chochote maji yakiwa safi huku. Mto unapita kaunti kadhaa, kila gavana anaishia mpakani kwake. Kwa hiyo mgombea akija na "tutawachukulia hatua", muulize: nani atamlipa anayechimba mtaro?