Vitufe vya Dar es Salaam: kutoka taipureta hadi kibodi ya swichi

Katika Dar es Salaam, mashine ya vitufe ilianza kama kifaa cha ofisi. Mji huu ulipofanywa makao makuu ya koloni la Ujerumani mwaka 1891, taipureta ilikuwa imekaa sokoni kwa miaka 17 tu. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1868, kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874, na toleo la mwaka 1878 likaleta kitufe cha kubadili herufi ndogo kuwa kubwa. Mpangilio wa vitufe unaoanza na Q, W, E, R, T na Y ulitoka katika mashine hizo. Wajerumani waliufuata, ila wakabadilisha nafasi za Y na Z, kwa kuwa Z hutumika sana katika lugha yao. Majeshi ya Uingereza yalipouteka mji Septemba 1916, shughuli za ofisi zikahamia Kiingereza na mpangilio wa Kiingereza ukashika nafasi ambayo haujaiachia hadi leo. Kati ya mipangilio hiyo miwili, hakuna uliobuniwa kwa kukifikiria Kiswahili.

Ramani ya mji ilionyesha nani alikuwa na mashine na nani hakuwa nayo. Ofisi za serikali na za kampuni zilikuwa upande wa bandari, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yakafuata, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja ikawa Kariakoo, eneo lililotengewa Waafrika na kupata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuzitenga sehemu hizo. Karani aliyeishi Kariakoo aliuvuka asubuhi kwenda kazini na kuuvuka tena jioni kurudi nyumbani. Ofisi za Waafrika wenyewe zilikuja kupatikana upande wa pili: katika Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ndiko yalikokuwa makao ya Chama cha Waafrika kilichoundwa mwaka 1929, na ndiko chama cha siasa cha TANU kilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Kiswahili kilichoandikwa kwa mashine hizo kilipata tahajia moja katika miaka ya 1930, kupitia kazi ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930. Tahajia hiyo ilitumia herufi za Kilatini bila alama za ziada juu wala chini ya herufi, na kwa hiyo taipureta ya Mwingereza iliweza kuandika Kiswahili bila kubadilishwa chochote. Hata hivyo, kuweza kuandika ni jambo moja na kuandika kwa wepesi ni jingine. Q na X zilikaa bila kazi. Ng' ilihitaji alama ya ritifaa, ambayo katika taipureta nyingi ilikuwa juu ya tarakimu 8, nayo haikupatikana mpaka kitufe cha kubadili kibonyezwe kwanza. Zaidi ya yote, A ndiyo herufi inayojitokeza kuliko zote katika Kiswahili, na mpangilio wa Kiingereza umeipa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Neno "wanawake" lina herufi nane. Mpigaji anayetumia vidole kumi huandika sita kati ya hizo kwa mkono wa kushoto, na tatu kati ya sita hizo ni A, zote za kidole kilekile.

Katika taipureta ya mkono hilo halikuwa jambo dogo. Nguvu ya kidole ndiyo iliyoinua mkono wa chuma wenye herufi na kuupiga kwenye utepe wa wino. Kidole kikilegea, herufi ilitoka hafifu. Nakala za kaboni zikiongezeka, ilibidi pigo liwe zito zaidi ili nakala ya chini isomeke. Stensili ya kudurufia nayo ilidai pigo linalotoboa nta kwa usawa, herufi kwa herufi. Mpiga chapa wa Kiswahili alibeba mzigo ambao mpangilio wa mashine haukuwa umeugawa kwa haki.

Njia iliyotumika kuutatua ugumu huo ilikuwa kuufundisha mkono. Kazi hii ilipata jina lake, uhazili, na vyuo vyake. Vilivyojulikana zaidi ni Chuo cha Uhazili cha Tabora na kile cha Magogoni, Dar es Salaam, ambavyo baadaye viliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma. Mwanafunzi alijifunza kuketi wima, kuweka vidole kwenye mstari wa kati na kupiga bila kutazama vitufe, akajifunza pia hatimkato, yaani kuandika kwa alama za mkato yale yanayosemwa. Matangazo ya kazi za serikali yamedumu miaka mingi yakidai cheti cha uhazili cha hatua ya tatu na kasi ya hatimkato inayohesabiwa kwa maneno kwa dakika. Haja ya wahazili wa Kiswahili iliongezeka baada ya mwaka 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipoagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili.

Kwa upande wa fundi, taipureta ilikuwa mashine ya wazi. Imperial ya Leicester, Olympia ya Ujerumani na Olivetti ya Italia zilitofautiana kwa umbo, lakini zote zilifunguliwa kwa bisibisi, na kila kosa lilionekana kwa macho: springi iliyolegea, mkono wa herufi uliopinda, rola iliyokuwa ngumu, mafuta yaliyoganda na vumbi. Sehemu ya mashine iliyokufa iliweza kuhamishiwa kwenye mashine ya aina hiyohiyo iliyo hai. Sifa hiyo ilikuwa na faida kubwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, nchi ilipokosa fedha za kigeni kutokana na bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Katika hali hiyo, mashine mpya kupatikana ilikuwa shida, na ya zamani ililazimika kuishi.

Maisha ya taipureta yalirefushwa pia na sera. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matatizo ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo ulioendeshwa kwa kompyuta yalichangia serikali kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku iliyogusa pia runinga. Ililegezwa hatua kwa hatua katika muongo uliofuata. Ndiyo sababu ofisi nyingi za Dar es Salaam zilitoka kwenye taipureta ya chuma na kuingia moja kwa moja katika kompyuta ndogo ya mezani, bila kupitia mashine kubwa za kati.

Mlango wa biashara ulianza kufunguka mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizojipatia wenyewe. Jengo la Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa na Rais Julius Nyerere Desemba 1975, lilikuwa la mazao. Biashara ya vifaa vya umeme ilikua katika mitaa inayolizunguka, kwa bidhaa zilizoletwa kutoka Dubai na baadaye kutoka miji ya viwanda ya China.

Kibodi iliyokuja na wimbi hilo la bidhaa ilikuwa kifaa cha aina nyingine kabisa. Kibodi nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na springi au swichi chini ya kila kitufe, lakini katika miaka ya 1990 watengenezaji walihamia kwenye tandiko moja la mpira lililolazwa juu ya karatasi za plastiki zenye mistari ya umeme. Bei ilishuka sana, na ofisi ndogo, shule na maduka ya kuchapa yakanufaika. Gharama yake ilikuwa kwamba kitufe kimoja kikifa hakina sehemu ya kubadilishwa. Chai ikimwagika na kuharibu mstari mmoja wa umeme, kibodi nzima hutupwa. Ufundi wa vitufe uliokuwepo enzi za taipureta haukupata kazi hapa.

Ulipata kazi kwenye simu. Huduma ya simu za mkononi ilianza nchini mwaka 1994, na baada ya mwaka 2000 simu ya vitufe 12 ikawa mashine ya kuandikia ya watu wengi zaidi kuliko taipureta ilivyopata kuwa. Safari hii kilichorekebishwa ni maandishi. S ilihitaji kubonyeza tarakimu 7 mara nne, ilhali X ilihitaji 9 mara mbili tu. Vijana wakaandika "xaxa" na "xana", na tarakimu 2 ikasimama badala ya silabi "tu". Herufi iliyokosa kazi katika tahajia rasmi ikapata kazi kwenye ujumbe mfupi. Wakati huohuo Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani ya Kariakoo ilijaa maduka ya simu, spea na meza za mafundi wanaobadilisha vitufe, vioo, mifumo ya chaji na programu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia Juni 2016, biashara hiyo ilitikisika lakini haikufa. Mafundi simu nao wamepewa mafunzo katika Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, chuo kilichoanza mwaka 1957 na kilicho mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo.

Ulimwenguni, kibodi yenyewe ilikuwa imeanza kubadilishwa ili iufuate mwili. Mwaka 1977 Lillian Malt na Stephen Hobday wa Uingereza walitoa kibodi ya Maltron, iliyotenganisha mikono miwili, ikainamisha vitufe kufuata urefu wa vidole, na kukipa kidole gumba cha kushoto herufi E, inayotumika sana katika Kiingereza. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilileta swichi ya MX mwaka 1983: kila kitufe kina kijumba chake, springi yake na vipande vya metali vinavyogusana. Swichi nyekundu ya aina hiyo hushika umeme ikizama milimita 2 kati ya 4, kwa uzito wa gramu 45 hivi. Ulinzi wa hataza ulipokwisha, viwanda vya China vilitengeneza swichi za umbo hilohilo kwa bei nafuu, na wapenzi wa vifaa hivi nao wameunda kibodi zilizogawanyika, kama ErgoDox, zenye michoro na programu zilizo wazi kwa yeyote.

Kuirekebisha kibodi ya namna hii ni kazi iliyo karibu na meza ya fundi simu. Kofia ya kitufe hung'olewa, swichi hufunguliwa, springi nzito hubadilishwa kwa nyepesi, sehemu zinazosuguana hupakwa grisi kidogo, kisha swichi huunganishwa kwa risasi kwenye bodi au huchomekwa tu pale bodi inaporuhusu. Kila swichi hupata dayodi yake, ili vitufe vingi vikibonyezwa pamoja kompyuta isisome herufi ambayo haikupigwa. Mwisho, programu ya ndani ya kibodi huandikwa upya na herufi huhamishwa popote mtumiaji atakapo.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, uwezo huo unagusa tatizo la tangu enzi za taipureta. Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, zilileta Kiswahili kwenye kioo, lakini vitufe vilibaki vilevile. Katika kibodi ya swichi, A inaweza kupewa kidole gumba kama Maltron ilivyofanya kwa E, ng' ikapata kitufe kimoja, na nafasi za Q na X zikapewa alama zinazotumika zaidi. Vipuri vyake huagizwa kutoka nje, na gharama yake ni mara nyingi ya kibodi ya mpira. Lakini swichi iliyokufa hubadilishwa peke yake, kwa ujuzi na vifaa ambavyo meza za mafundi wa Kariakoo zinavyo tayari.