Shamba Ndani ya Gunia: Historia ya Kibera Ambayo TikTok Haikuambii

Siku hizi ukiingia TikTok huwezi maliza dakika kumi kabla hujaona mtu anaonyesha bustani yake ya balkoni. Sukuma kwenye ndoo, dania kwenye chupa ya soda iliyokatwa, spinachi kwenye gunia limesimama wima kama askari wa geti. Watu wanasifu hapo chini, eti hii ndiyo maisha ya kisasa. Sawa. Lakini hilo gunia lina historia, na haikuanzia kwenye balkoni ya Kilimani. Sehemu kubwa ya hiyo historia iko Kibera, na walioifanya ni watu ambao majina yao huwezi yapata kwenye kitabu chochote: akina mama wa nyumba za chumba kimoja, na vijana ambao mtaa ulikuwa unawaogopa.

Kibera ilikuwa shamba kweli

Kabla ya mabati kulikuwa na miti. Jina lenyewe, Kibra, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Walipomaliza kazi wakaonyeshwa hapo waishi na familia zao, na kufikia 1918 eneo lililotengwa lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Wakalima, wakafuga ng'ombe. Akina mama wakapika ile pombe kali ya Kinubi iliyojulikana Nairobi nzima.

Shida ilikuwa moja tu: karatasi. Hawakupewa hati. Miaka ya 1930 tume ya ardhi ya Carter ikasema Wanubi ni wapangaji tu, wanakaa hapo kwa ridhaa ya serikali. Hebu fikiria. Umelima mahali miaka na miaka, umezika wazazi wako hapo, halafu unaambiwa wewe ni mgeni anayeweza kuamka kesho aambiwe atoke.

Baada ya uhuru watu wakazidi kuja mjini kutafuta kazi, vyumba vikajengwa, shamba zikamezwa moja baada ya nyingine. Wanubi walipopata hati ya jamii mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Kutoka zaidi ya 4,000 hadi 288. Hiyo hesabu haihitaji mwalimu.

Kulima mjini ilikuwa kama kosa

Kwa miaka mingi wakubwa wa jiji waliona kilimo ni kitu cha ushago. Mjini ni lami na ofisi, ukitaka mahindi rudi kwenu. Kwa hiyo watu walilima kwa kuiba nafasi: kando ya reli, chini ya nyaya za stima, kwenye kingo za mito. Kanjo wakija, mahindi yanafyekwa. Mama anasimama kando anatazama chakula cha miezi minne kikilazwa chini kwa dakika tano. Wakiondoka, anapanda tena.

Mwaka 1985 taasisi moja ya Nairobi inaitwa Mazingira Institute ikafanya utafiti katika miji sita ya Kenya. Ikapata kwamba kati ya kila familia 100, 29 zilikuwa zinalima sehemu ya chakula chao ndani ya mji. Nairobi peke yake ilikuwa 20 kati ya 100. Yaani huyo jirani aliyekuwa anaonekana mshamba hakuwa peke yake, walikuwa maelfu, ila hakuna aliyekuwa amewahesabu. Kuanzia 2004 taasisi hiyo hiyo ikawa mwenyeji wa jukwaa la wakulima wa Nairobi, wakaanza kukutana na kusomeshwa ukulima na ufugaji pamoja na maafisa wa serikali. Watu waliokuwa wakifukuzwa sasa walikuwa wanakaa darasani.

Halafu ikafika 2008

Kila mtu aliyekuwa Nairobi anakumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa Kenya nzima. Kibera, reli ikang'olewa. Soko la Toi, pale pembeni, likachomwa. Ukiishi Kibera na Toi imeungua, na barabara haipitiki, sukuma unatoa wapi? Pesa hata kama iko mfukoni, hakuna mama mboga wa kukuuzia.

Hapo ndipo gunia likaingia kwa nguvu. Shirika la Kifaransa, Solidarités International, lilianza kugawa miche ya mboga na kufundisha watu kulima kwenye magunia Kibera, Mathare na Kiambiu. Gunia halikuvumbuliwa Kibera, hilo tuliweke wazi. Lakini Kibera ndiko lilipata watu waliolihitaji zaidi.

Kama hujawahi kulitengeneza, liko hivi. Unachukua gunia, unasimamisha katikati mkebe usio na matako, unaujaza mawe madogo. Pembeni ya mkebe unaweka udongo uliochanganywa na mbolea. Unavuta mkebe juu, unajaza tena, mpaka gunia lijae na katikati kuwe na nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Hiyo nguzo ndiyo siri yote. Bila hiyo, maji unayomwaga juu yanaishia juu na miche ya chini inakauka. Halafu unatoboa mashimo pande zote, kila shimo mche mmoja. Gunia moja linakaa nafasi ya kiti, lakini ukizunguka ni mboga tupu.

Waliochukua hiyo elimu wengi wao walikuwa akina mama. Maji wananunua kwa mtungi, kwa hiyo yaliyosuuza vyombo hayamwagwi, yanaenda kwa gunia. Sukuma ikizidi inauzwa, na jirani aliyelala njaa anachumiwa bure. Ukikumbuka ni miezi gani hiyo, na kwamba majirani wa makabila tofauti walikuwa hawasalimiani, utaelewa kuchumiana mboga si jambo dogo.

Vijana nao hawakubaki nyuma. Mwaka huo huo kikundi kimoja cha vijana, wengine wakiwa wamewahi kuishi kwa uhalifu, kilichukua jalala la taka na kuanza kulisafisha kwa mikono. Waliondoa takataka za miaka, wakaweka udongo, wakapanda mboga bila kemikali. Watu waliokuwa wanapita hapo wameziba pua wakaanza kupita wakiuliza bei.

Si kila kitu kilikuwa sawa. Udongo wa mtaa una historia yake chafu, maji ya mtaro yako karibu, na wakulima wenyewe walijiuliza kama wanachokula ni salama. Panya nao, na kuku wa jirani. Na mradi wa wafadhili huwa una mwisho. Miche ya bure ikikatika, kuna waliokunja magunia yao, na kuna walioanza kuotesha miche wenyewe na kuuzia wenzao. Hao wa pili ndio waliofanya elimu ibaki.

Kwa nini gunia?

Watu husema gunia ni kwa sababu nafasi ni ndogo. Ni kweli, lakini si yote. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kupisha barabara, maelfu ya watu wakabaki nje na vitanda vyao. Mti hauwezi kuubeba siku hiyo. Shamba la babu wa Kinubi halikubebeka. Gunia ukipata mtu wa kukushikia upande wa pili, linaenda na wewe. Ni shamba la mtu anayejua anaweza kufukuzwa wakati wowote.

Sheria nayo imebadilika kidogo. Tangu 2015 Nairobi ina sheria ya kaunti inayotambua kilimo cha mjini. Mwaka 2020, korona ilipofunga watu nyumbani, serikali yenyewe ikaanza kuhimiza bustani milioni moja za nyumbani. Kile ambacho mama alifyekewa na kanjo kikawa kampeni ya taifa. Hakuna aliyerudi kumwambia pole, wala asante.

Kwa hiyo ukiweka gunia lako balkoni wikendi hii, weka, na usisahau nguzo ya mawe. Ila ujue kuna mtu alijifunza hiyo nguzo siku soko limeungua. Naye mpaka leo anamwagilia sukuma asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwenye ardhi ambayo bado hana karatasi yake.