Wayahudi wa Kilima cha Nabugoye

Wazee wa Maua, Kenya, wakianza kusimulia chimbuko la Wameru, huanzia Mbwaa, kisiwa ambako mababu waliteswa na Nguuntune, watu wekundu, hadi wakavuka maji usiku na kutoroka. Wengi huisikia humo safari ya Musa, na wapo wanaoamini kwamba wao ni uzao wa Israeli.

Karibu na Mbale, Uganda, wapo wanaoishika Torati bila kudai nasaba hiyo. Hao ni Abayudaya, nao wanaujua mwaka walioanza: 1919.

Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda akitarajia ufalme. Alinyimwa. Akaingia dhehebu la Bamalaki, waliokataa dawa za hospitali, huku akizidi kuzama katika Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Bamalaki walipomwambia hiyo ni desturi ya Wayahudi, akaachana nao na kujiita Myahudi. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha mafundisho kwa Kiganda, na akafariki 1928.

Pigo kubwa lilikuja na Idi Amin. Ibada zao zilipigwa marufuku, na wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Gershom Sizomu, aliyekuja kuwa rabi wao, amesimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akaachiliwa kwa hongo ya mbuzi watano. Amin alipoanguka mwaka 1979, waumini waliosalia walikuwa mia chache tu.

Miaka ya 1980 vijana, Sizomu na Joab Jonadab Keki miongoni mwao, walikusanyika Nabugoye kuanza upya. Kazi yao inastahili heshima kubwa: walitafuta yaliyobaki vichwani mwa wazee, hasa zaburi zilizoimbwa kwa Kiganda kwa mahadhi ya kwao. Nyimbo hizo zilirekodiwa, zikatolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003, na albamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mwaka 2004 Keki aliunda ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, wa Wayahudi, Waislamu na Wakristo.

Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu 2008, akarudi nyumbani. Mwaka 2016 sinagogi jipya lilifunguliwa Nabugoye, na wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao Wayahudi ni wachache sana kati yao, wakamchagua rabi huyo awe mbunge wao.