Janis Joplin
Janis Lyn Joplin (19 Januari 1943 – 4 Oktoba 1970) alikuwa mwimbaji wa roki na bluzi, mzaliwa wa Port Arthur, Texas, Marekani. Alivuma mwaka 1967 katika tamasha la Monterey. Sauti yake ilikwaruza hadi kupasuka, na utamu wake ulikuwa hapohapo. Pombe na heroini vilimwandama. Agosti 1970 alichangia gharama za jiwe la kaburi la Bessie Smith, mwimbaji ambaye Joplin alimpenda sana. Miezi miwili haikutimia, akakutwa amekufa hotelini Hollywood kwa kuzidisha heroini, akiwa na miaka 27. Albamu yake Pearl ilitoka 1971. Wimbo mmoja humo, Buried Alive in the Blues, ni ala tupu: alikuwa bado hajautilia sauti.