Hidetoshi Nakata

Hidetoshi Nakata (amezaliwa Kofu, Mkoa wa Yamanashi, 22 Januari 1977) ni mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu kutoka Japani aliyecheza nafasi ya kiungo. Alichaguliwa mchezaji bora wa Asia mwaka 1997 na 1998, na ni miongoni mwa Wajapani wa kwanza kupata mafanikio makubwa katika ligi ya Italia.

Klabu

Nakata alianza soka ya kulipwa mwaka 1995 katika klabu ya Bellmare Hiratsuka. Baada ya Kombe la Dunia la 1998 alisajiliwa na Perugia ya Italia. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi alifunga mabao mawili dhidi ya Juventus, ingawa Perugia ilifungwa 4-3. Msimu huo alifunga mabao 10 ya ligi, na timu yake ikanusurika kushuka daraja.

Januari 2000 alihamia Roma. Huko nafasi yake ilikuwa ya nahodha Francesco Totti, tena kanuni za ligi zilibana idadi ya wachezaji wasiotoka Umoja wa Ulaya, hivyo mara nyingi Nakata hakupangwa. Kanuni hiyo iliondolewa siku chache tu kabla ya mechi ya tarehe 6 Mei 2001 mjini Torino. Juventus, waliokuwa wakiifukuzia Roma kileleni, waliongoza 2-0. Nakata aliingia badala ya Totti, akafunga kwa shuti la mbali, kisha shuti lake jingine likatemwa na kipa Edwin van der Sar na Vincenzo Montella akasawazisha. Roma ilitwaa ubingwa kwa pointi 75 dhidi ya 73 za Juventus. Kama ingefungwa siku ile, hesabu ingegeuka.

Hata hivyo aliondoka mwaka huohuo kwenda Parma. Katika fainali ya Kombe la Italia ya 2002 Parma ilifungwa 2-1 na Juventus ugenini, lakini bao hilo moja, alilolifunga Nakata mwishoni mwa mchezo, ndilo lililoipa kombe baada ya ushindi wa 1-0 nyumbani. Baadaye alichezea Bologna kwa mkopo, Fiorentina, na Bolton Wanderers ya Uingereza, pia kwa mkopo.

Timu ya taifa

Aliichezea Japani mechi 77 na kufunga mabao 11. Novemba 1997, huko Johor Bahru, Malaysia, Japani iliifunga Iran 3-2 kwa bao la dhahabu na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Mabao yote matatu yalianzia kwa Nakata. Alishiriki Kombe la Dunia mwaka 1998, 2002 (alipofunga dhidi ya Tunisia) na 2006.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa dhidi ya Brazil mjini Dortmund, Juni 2006. Japani ilifungwa 4-1 na kutolewa, na Nakata alibaki amelala katikati ya uwanja kwa muda mrefu baada ya kipenga cha mwisho. Tarehe 3 Julai alitangaza kustaafu, akiwa na umri wa miaka 29 tu.